Figo Nililompa Lascelles

Lascelles Pottinger alikuwa fundi wa matangi. Ukipanda kutoka Buff Bay kuja kwetu Cedar Piece, karibu kila nyumba ina tangi la saruji nyuma yake, na mengi aliyajenga yeye. Tangi lake halivuji. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sina mema mengine mengi ya kusema juu yake.

Alikuja kumjengea mama yangu tangi nikiwa msichana. Mama akampa shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi, akala, akaomba tena. Tangi lilipokwisha hakuondoka. Tulifunga ndoa baadaye sana, watoto wawili wakiwa wameshaanza shule. Watoto hao sasa wako ng'ambo na hupiga simu Krismasi.

Alikuwa mtu wa kujisikia, lakini kwa kazi yake alikuwa na haki. Alikuwa na pimamaji moja ya mbao aliyorithi kwa mjomba wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jumamosi alicheza domino barazani kwa Mas Bertie, na alipokuwa na kete ya ushindi aliipiga mezani kwa kishindo mpaka kuku wakakimbia. Wanawake walimpenda. Nilijua. Mwanamke wa kwetu hujua na hunyamaza, mpaka siku ambayo hana tena sababu ya kunyamaza.

Presha ndiyo iliyomwangusha. Hakutaka vidonge, akasema vinamlegeza. Miguu ikavimba, uso ukavimba, akaanza kutapika kila asubuhi. Hospitalini Kingston wakatuambia mafigo yote mawili yamekufa. Tukaanza kwenda huko kusafishwa damu kwa mashine, tukitoka kabla ya jogoo na kurudi giza limeingia, na kila tukirudi alikuwa mdogo kuliko alivyoondoka.

Wakatafuta mtu wa kumpa figo. Dada zake wakaogopa, mmoja baada ya mwingine. Nilipotaka kupimwa mimi, yule mkubwa akacheka.

"Wewe Ionie? Wewe si damu yake. Utafaa wapi?"

"Nitapimwa," nikasema.

"Haya kapimwe. Kuku naye alikwenda kupimwa akitaka kuwa tausi."

Nikafaa. Mimi niliyeacha shule nikiwa bado nahesabu kwa vidole, damu yangu na yake zilikubaliana. Wakanikata ubavuni, wakalitoa figo langu la kushoto wakampa. Mimi niliumwa kuliko yeye. Yeye siku ya pili alikuwa ameketi kitandani anawatania wauguzi.

Aliporudi kanisani alisimama kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akamshukuru mchungaji kwa maombi, na dereva wa teksi kwa uvumilivu. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na mkono wangu juu ya bandeji. Ulipofika wakati wa wimbo nilisimama na wengine nikaimba.

Barazani kwa Mas Bertie wakamtania. "Lascelles, siku hizi una figo la kike. Utaanza kukojoa umechuchumaa!" Yeye akacheka na wao. "Na umbea nao umeanza kunipendeza," akasema, akapiga kete.

Sasa niseme habari ya chai, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu kikombe cha kwanza cha asubuhi si jambo dogo. Chochote cha moto tunakiita chai: chokoleti, kahawa, mnanaa, tangawizi, na majani ya kila aina, matamu na machungu. Mtu hunywa kikombe hicho kabla ya kula na kabla ya kusema sana, na hukinywea nyumbani kwake. Ukitaka kujua mwanamume anaishi wapi, usiulize analala wapi. Uliza nani anampikia chai.

Muuguzi wa Kingston alikuwa ametuambia wazi siku tuliyoruhusiwa. "Hakuna majani. Jani lolote la kuchemsha, marufuku. Na mabalungi, marufuku. Hizi dawa zinauzuia mwili wake usilikatae figo, na hazitaki kuchezewa. Umenisikia, Mis Pottinger?"

Nilimsikia. Nikang'oa serasi yote iliyotambaa kwenye ua, yale majani machungu tuliyolishwa tukiwa watoto ili damu itakate. Nikang'oa mnanaa na mchaichai. Nikaanza kumpikia chai ya dukani, ya maziwa.

"Hii nini?" akauliza asubuhi ya kwanza.

"Chai."

"Haya ni maji yaliyooshewa vikombe."

"Ndiyo uliyoruhusiwa."

"Ionie, mimi ni mtu mzima. Tangu nizaliwe sijaamka nikanywa kitu cha rangi hii."

Akanywa nusu. Baada ya miezi michache akawa hanywi kabisa. Anachukua mwiko wake na ile pimamaji, anasema kuna tangi la kuangalia bondeni, anaondoka kabla sijawasha jiko. Anarudi mchana ameshiba. Nilifikiri amepata kazi. Kisha nikafikiri jambo jingine, nikaliacha huko huko lilipo. Nilikuwa nimechoka. Tangu nikatwe nilikuwa mtu wa kuchoka.

Mikono ikaanza kumtetemeka. Mwanzoni kidogo, akishika kijiko. Halafu siku moja nilimwona uani anajaribu kupiga plasta kwenye banda la kuku, na mwiko ulikuwa unacheza kama jani. Alipojua namwona aliutupa chini akaingia ndani.

Tulikwenda kliniki. Daktari wetu alikuwa Daktari Ramsaran, mwanamke mfupi asiyependa kupoteza neno. Alitazama majibu ya damu, akamtazama Lascelles, akarudia kutazama majibu.

"Dawa imejaa kwenye damu yako kupita kiasi, Mista Pottinger. Unaongeza vidonge?"

"Mimi? Hata hivyo vilivyopo vinanichosha."

"Unakunywa kitu kingine? Dawa za chupa, mizizi, majani?"

"Hakuna, daktari."

Akanigeukia. "Mis Pottinger?"

"Kwangu hakichemshwi chochote," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Akapunguza dozi. Mwezi uliofuata damu ikawa nzuri, tukapumua. Mwezi mwingine ikapanda tena, juu kuliko mwanzo, na figo likaanza kushindwa. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Sielewi. Na nisipoelewa siwezi kusaidia. Dawa hii ikipungua, mwili unalikataa figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaliua figo. Sasa hivi inaliua. Tukiendelea hivi, Mista Pottinger, utarudi kwenye mashine kabla mwaka haujaisha. Na figo jingine hakuna."

Lascelles akatazama sakafu. Mimi nilitazama ukuta. Nilikuwa nafikiri juu ya figo langu, jinsi lilivyokaa ndani yangu miaka yote hiyo na halijawahi kunisumbua hata siku moja.

Tukiwa kwenye ngazi za hospitali nikamuuliza. "Lascelles, unakunywa nini?"

"Usinianze mbele za watu."

"Nyumbani utaniambia?"

"Nyumbani usinianze vilevile."

Nilijua siku ya kufua. Kuna jani kwetu tunaliita gugu la kanga. Linanuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya kiatu chenye maji. Ng'ombe akilila, maziwa yake hayanyweki. Na mtu akilinywa kila siku, jasho lake husema. Nilitumbukiza shati lake kwenye beseni, maji yakapata moto wa jua, na harufu ikanipanda puani kutoka kwapani mwa shati. Nikalitoa, nikalinusa tena. Nikachukua jingine.

Cedar Piece nzima kuna mtu mmoja anayechemsha gugu la kanga kila siku ya Mungu, naye ni Hyacinth Bogle, chini kivukoni. Mama yake alikufa kwa uvimbe wa titi, na tangu hapo Hyacinth anaamini jani hilo linazuia kila kinachoota ndani ya mwili. Tuliimba kwaya pamoja. Sauti yake ni nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo pua moja iliniambia mambo mawili. Nikaketi kando ya beseni nikingoja hasira. Nilingoja vizuri, mikono magotini. Haikuja. Nikamaliza kufua, nikaanika, nikabadilisha gauni, nikatoka.

Njiani nikakutana na Mis Gatha anayeuza tangawizi.

"Mis Ionie! Unashuka kwa nani na uso huo?"

"Kwa Hyacinth."

"Ee Yesu. Ningoje nivae viatu."

Kwetu mwanamke akimshukia mwenzake kwa ajili ya mume, kijiji hutoka kusikiliza. Ni kama sinema, tena haina kiingilio. Nilipofika kivukoni walikuwa wameshajipanga nje ya ua, na Mis Gatha mbele, kiatu kimoja hakijafungwa.

Hyacinth alitoka jikoni mkono kiunoni. "Ionie, kama umekuja kunitukana, anza. Nina mboga motoni."

"Unampikia nini?"

"Nampikia nani?"

"Hyacinth, mimi nimechoka. Sikuuliza mengine. Asubuhi unampikia nini?"

"Mpe, Mis Ionie!" Mis Gatha akapaza sauti. "Mpe yake!"

"Mbona hampigi?" mwingine akauliza. "Nimeacha wali wangu unaungua bure."

Hyacinth akashusha mkono kutoka kiunoni. Akanisogelea ili wale wa nje wasisikie.

"Aliniambia daktari amemruhusu," akasema. "Alisema wewe ndiye hutaki kumpikia. Kwamba tangu umpe hilo figo unajiona umemzaa."

Nililisikia neno hilo. Lilipita.

"Gugu la kanga?"

"Na mizizi yake. Kikombe kikubwa."

"Kila siku?"

"Kila siku akija. Nilipokwenda Mobay kumuuguza binti yangu ndiyo hakupata. Mwezi ule wa mvua."

Mwezi wa mvua ndio mwezi ambao damu ilikuwa nzuri. Nikamwambia. Nikamwambia na mengine aliyosema daktari, juu ya mashine, na kwamba figo jingine hakuna. Mboga yake ikaanza kunuka kuungua na hakugeuka.

"Ionie, mimi nilikuwa sitaki afe," akasema.

"Najua. Ning'olee shina moja, na mizizi."

Aking'oa, Mis Gatha aligeuka kwa wenzake. "Amekuja kuomba mbegu! Mume kamwachia na mbegu anataka!" Wakacheka, wakatawanyika. Hawajanisamehe mpaka leo kwa kuwanyima matusi.

Jioni Lascelles aliingia kama mvua ya upepo. "Umeniaibisha kijiji kizima!"

"Kesho tunakwenda Kingston."

"Mimi siendi popote."

"Basi nitakwenda peke yangu, nimwambie daktari anayechemsha ni nani na uliacha kusema kwa sababu gani. Wauguzi nao wapo, watasikia."

Akaenda.

Nilifungua mfuko wa plastiki mezani kwa Daktari Ramsaran, na yeye akainuka akafungua dirisha. "Mungu wangu, gugu la kanga," akasema. "Bibi yangu alikuwa anawanyunyizia kuku kuua utitiri." Akamgeukia Lascelles. "Tangu lini?"

Nikajibu mimi, nikataja na mwezi ule wa mvua ambao anayemchemshia alikuwa safarini.

Daktari akatueleza polepole. Nami namsifu kwa hilo, maana alizungumza na mimi pia, si na yeye tu. Alisema ndani ya ini kuna vitu vidogo vinaitwa vimeng'enya, na kazi yao ni kuikata dawa vipandevipande ili itoke mwilini. Wao hupanga dozi wakijua ini litakata kiasi gani kwa siku. Lakini yako majani ambayo maji yake huvishika vimeng'enya vile mikono. Havikati tena. Basi dawa ya leo inaikuta ya jana bado imekaa, na ya kesho inazikuta zote mbili.

"Jani hili limejaribiwa kwenye chupa za maabara, na limevizuia," akasema. "Ndani ya mtu aliye hai hatujui vizuri, na si kila mtu ni sawa. Siwezi kuapa. Lakini nikitazama damu yako na huyu mama anayechemsha alivyosafiri, siwezi kusema ni bahati."

"Lakini daktari, ni chai tu," Lascelles akasema. "Nyanya yangu aliinywa mpaka alipokufa."

"Alikufa na umri gani?"

"Alipita tisini."

"Alikuwa na figo la mtu?"

Akausukuma mfuko wa plastiki mbali naye.

"Mista Pottinger, nilikuuliza. Nilikuuliza kila mara ulipoketi kwenye kiti hicho. Kwa nini hukusema?"

Alinitazama mimi. Daktari naye akanitazama, akaelewa, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Ni hilo tu. Alikuwa tayari figo langu life ndani yake kuliko kutaja, mimi nikiwa nimeketi hapo, ni kwa nani anakokunywa chai. Watu huniuliza kama nililia. Sikulia. Niliuliza choo kiko wapi, nikaenda, nikarudi.

Walimlaza. Wakasimamisha dawa mpaka kiasi chake kwenye damu kishuke, kisha wakaanza upya, kidogo kidogo, wakipima kila mara. Kutetemeka kukaisha. Figo likarudi, lakini halikurudi lote. Daktari alisema sehemu yake imekuwa kovu na haitapona, ila iliyobaki inaweza kumchukua miaka, mradi hakuna jani.

Siku ya kutoka nilikodi teksi. Tukafika njia panda ya Cedar Piece, ambapo barabara moja inapanda kwangu na nyingine inashuka mtoni. Akamwambia dereva, "Mimi nishushe kivukoni."

Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Kule natazamwa kama mtu," Lascelles akasema. Alikuwa anazungumza na dirisha. "Kwako mimi ni mkoba, Ionie. Mkoba uliobeba kitu chako. Kila nikikohoa unatazama mkoba."

Huenda alisema kweli. Nikamwambia dereva ashuke kivukoni, nami nikashuka nao, kwa sababu dawa zilikuwa mkobani kwangu.

Hyacinth alikuwa mlangoni, na naona hakutegemea kuniona. Nilimwonyesha vidonge kimoja kimoja. Hiki asubuhi na jioni, saa ileile, tumbo likiwa tupu. Hiki baada ya chakula. Hiki kikibadilika rangi dukani usikubali, uliza. Alirudia kila neno kama mtoto wa shule ya Jumapili.

"Na chai?" akauliza.

"Ya dukani."

"Hataipenda."

"Hataipenda."

Lascelles alikuwa ameshaingia ndani. Nikasikia kiti kikivutwa.

Mis Gatha aliniambia mimi ni mjinga. "Mwachie! Lioze huko huko pamoja naye! Wewe unampelekea mwanamke maelekezo kama unauza cherehani?" Pengine ni mjinga. Lakini sikulitoa figo likaoze kivukoni. Walinikata nikiwa mzima, na pale palipokatwa mpaka leo ngozi haina hisia, nikiibonyeza ni kama nabonyeza nguo. Kitu kilichotoka hapo nataka kifanye kazi. Anayekifaidi ni shauri lake.

Kliniki sasa anampeleka Hyacinth. Mimi sijaenda tena. Lakini kila wakirudi kutoka Kingston, kesho yake asubuhi hupanda mpaka langoni kwangu na kuita. Haingii, nami simwambii aingie.

Juzi aliita tena. Nikatoka nikiwa na ufagio.

"Daktari anasema liko palepale," akasema. "Halijashuka."

"Vizuri."

"Jana alinitukana kwa ajili ya chai. Ameimwaga uani."

"Mpikie nyingine."

"Nilimpikia." Alikuwa ameshika mfuko kwa mikono miwili. Akaufungua nikaona mabalungi, makubwa, yameiva. "Mis Gatha kamletea. Anayataka sana. Nikamwambia nitauliza kwanza."

"Hata kipande. Mabalungi ni kama lile jani."

"Hata juisi?"

"Hata juisi. Hata akilia."

Akaitikia kwa kichwa, akauweka mfuko juu ya nguzo ya lango. "Kula wewe. Wewe humezi dawa."

Akashuka zake. Nilimaliza kufagia. Mchana nikachukua kisu na chumvi, nikaketi kwenye ngazi ya nyuma, nikala balungi moja na nusu ya jingine. Yaliyobaki niliwapa nguruwe.